Fundi aliuliza ndani nataka nini, nikabaki namwangalia

Fundi wa kabati langu la nguo alikuwa amepiga goti, penseli sikioni, tepu ameivuta toka kona mpaka kona, akaniuliza bila hata kugeuka, "Sasa dada, ndani unataka niweke nini?"

Nikamjibu, nguo.

Akacheka kidogo, kile kicheko cha adabu, akaandika kitu kwenye kipande cha ubao anachokitumia kama daftari, na mimi nikajiona nimejibu. Usiku ndo likaanza kunisumbua. Manake mpaka siku ile nilikuwa na majibu ya kila kitu kuhusu hilo kabati. Rangi najua, kijivu kilichopoa. Vishikizo najua, vyeusi virefu. Kwenye simu nina picha hamsini na kitu za makabati ya watu, mengi yana taa ndani na sweta nne tu zimekunjwa kama za dukani. Lakini ndani, huko nguo zangu mimi zinakoenda kukaa, sikuwa na wazo hata moja.

Wiki tano lile swali halikuniacha. Nimeoga nalo, nimepika nalo, nimelala nalo.

Kotesheni tatu

Kabla hata sijalijibu nikafanya kile wote tunachofanya, nikaita mafundi wengine wawili ili nilinganishe bei. Kumbe silinganishi bei, nalinganisha makabati matatu ambayo hayajawahi hata kusalimiana.

Wa kwanza alinipa namba moja: "kabati la ukuta mzima", basi, imeisha. Wa pili akanipigia hesabu kwa mita ya mraba ya uso wa mbele, droo na vishikizo akasema hayo tutaongea. Wa tatu, huyu wa penseli, akaleta karatasi imejaa mpaka nyuma. Bodi ngapi. Mgongo milimita ngapi. Bawaba 35. Reli za droo jozi saba. Na chini kabisa namba iliyonifanya nitafute pa kukaa.

Ilikuwa karibu mara mbili ya yule wa kwanza.

Nikasema huyu ananipiga. Nikachukua karatasi yake hiyohiyo nikaenda nayo kwa yule wa bei ndogo, nikaanza kumuuliza mstari kwa mstari. Mgongo utaweka nini? Hadibodi ya milimita 3. Na kingo za bodi, utaziba zote? Zile zinazoonekana. Kila mlango bawaba ngapi? Mbili, ukitaka sana tatu.

Hapo nilikuwa bado sielewi kwa nini bawaba ni habari. Nikaja kupiga hesabu: bodi moja ya MDF (ile ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18, yenye sentimita 244 kwa 122, ina uzito wa kama kilo 40. Mlango mrefu wa sentimita 230 kwa 37 unakatwa humo, peke yake unakuwa na kilo kama 11 na ushee. Uuninginize kwenye bawaba mbili, uufungue asubuhi na jioni, ile ya juu itang'oka na skrubu zake, ni suala la muda tu. Mlango wa kimo hicho unataka bawaba nne, tano.

Yule fundi wa kwanza hakuwa mwizi, nataka niseme hivyo. Alinipa bei ya kabati alilolielewa yeye. Mimi ndo sikuwa nimeeleza la kwangu, kwa sababu sikuwa nalo.

Kitu kingine ile karatasi ndefu ilinionyesha, na hiki kilinishangaza: boksi lenyewe, yaani mbao za kusimama na za kulala, lilikuwa chini ya nusu ya bei. Hela yangu ilikuwa inaliwa na milango, bawaba na droo, na hayo ndo niliyokuwa nimeyachagua kwa picha.

Jumamosi ya kuhesabu

Nikatoa nguo zote nikazirundika kitandani, zangu na za mume wangu. Sikuwa nachambua za kugawa, hayo mambo ya kuikumbatia blauzi na kuiuliza kama inanipa furaha mimi siyawezi. Nilikuwa nahesabu na kupima kwa tepu kama mwendawazimu.

Nguo fupi za kutundika, mashati, blauzi, jaketi nyepesi: zangu 44, zake 39.

Nguo ndefu: 9.

Tisa! Na kwenye mchoro wangu wa kichwani nusu nzima ya kabati ilikuwa ya magauni marefu, kwa sababu kwenye picha ndo yanapendeza, yananing'inia kama pazia. Nilikuwa naenda kulipia nusu ya kabati kwa ajili ya magauni tisa, mawili kati ya hayo sijui kama zipu bado inafunga.

Basi nikaendelea kupima. Shati moja kwenye hanga linakula kama sentimita 3 za bomba. Shati 44 ni sentimita 132. Sasa, nguo fupi pamoja na hanga yake inahitaji kama mita moja ya kimo, kwa hiyo kwenye kabati refu unaweka bomba mbili, moja juu moja chini, na sehemu yenye upana wa 75 inakupa 150 za kutundikia. Nguo zangu fupi zote zimeisha hapo na nafasi inabaki. Za mume wangu vilevile, sehemu nyingine ya 75. Bomba la juu linakaa kama mita mbili na kidogo toka chini, nikampa yeye mashati yake yote ya juu maana Mungu alimpa mikono, ya kwangu ya juu nikaweka zile nisizozishika kila siku.

Ndefu tisa zikapata 45. Gauni refu kuliko yote pamoja na hanga lilikuwa sentimita 148, kwa hiyo bomba likae kama 160 toka sakafu ya kabati, juu yake panabaki pa mablanketi na masanduku.

Zilizobaki ni za kukunja: jinzi, sweta, mashuka. Sehemu ya 60. Sio 90 kama nilivyotaka, fundi alikataa na alikuwa sahihi, rafu ndefu ya bodi ya vumbi la mbao ukiipanga jinzi inaanza kupinda katikati kama mgongo wa punda mzee.

75, 75, 45, 60. Ongeza mbao tano za kusimama za milimita 18 kila moja, jumla 264.

Ukuta wangu tulishaupima sehemu tatu, chini 269, katikati 268, juu 266. (Kuta hazinyooki jamani, usipime chini tu ukaridhika, kabati linafuata pale penye ufinyu.) 264 ndani ya 266, sentimita moja kila upande za kuziba na kipande chembamba. Nilikaa kwenye rundo la nguo nikacheka peke yangu.

Hesabu za darasani zilizorudi kunidai

Furaha ilidumu siku mbili. Dari yangu ina sentimita 245. Nikamwambia fundi fanya boksi la 240, kina 60, tutumie ukuta wote. Akaniuliza, utalisimamishaje?

Si tunaliinua.

Akachora mstatili kwenye ule ubao wake, akapiga mstari toka kona mpaka kona. Boksi la 240 kwa 60 ukilinyanyua toka sakafuni, kile kipimo cha kona kwa kona ndo kinachopita kwanza, na kile ni sentimita 247 na nukta. Dari 245. Yaani kabati linaingia chumbani vizuri, linalala sakafuni vizuri, halafu haliinuki mpaka mwisho wa dunia. Pythagoras, yule wa darasani tuliyekuwa tunauliza atatusaidia nini maishani.

Suluhisho lake lilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu. Kitako cha sentimita 10 kinatengenezwa peke yake, kinalazwa chini na kusawazishwa kwanza, halafu boksi la 230 linasimamishwa na kupandishwa juu yake. Kona kwa kona ya 230 ni kama 238, inapita. Na kitako kinaliinua boksi toka sakafuni, siku maji ya kudeki yakikimbilia kule bodi haiyanywi.

"Hiyo si karatasi?"

Baba aliposikia nafanya MDF aliuliza hivyo, kwa simu, na sauti ya mtu anayesikitika. Yeye ana kabati la mbao tupu lililomkuta ujana wake na bado lipo.

Nilimsikiliza na nikayumba. Wiki nzima nikawa nawaza mbao, mbao, kitu cha kurithisha. Halafu nikakumbuka kwamba kabati hilohilo la baba kipindi cha mvua mlango wake haufungi mpaka uupige goti. Mbao halisi inavimba na kusinyaa na unyevu, paneli pana ndo zaidi, na milango ya 230 iliyonyooka kwa mbao tupu inataka mbao iliyokauka sawasawa na fundi anayejua kuiunga, na vyote hivyo ni hela ambayo sikuwa nayo.

Plaiwudi niliipenda, inashika skrubu kuliko hizi nyingine, ila bado lazima uipake au kuibandika kitu, na bei ikapanda tena. Mwisho tukagawanya: boksi ni bodi ya vumbi la mbao yenye melamini, ule utando mgumu wa juu, inakuja na rangi yake tayari hailipiwi upakaji, milango ni MDF ya kupaka. Sharti langu likawa moja. Kingo zote zizibwe kwa ule utepe, hata zinazoangalia ukuta, kwa sababu unyevu unaingilia pale palipokatwa.

Halafu kuna usiku mmoja nilisoma kuhusu formaldehaidi, ile kemikali iliyomo kwenye gundi ya hizi bodi, nikasoma kwamba IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saa nane usiku, nimelala chumba ambacho kabati litasimama mita moja toka kwenye mto wangu wa kulalia. Usisome vitu saa nane usiku. Asubuhi nikatulia, nikaelewa kwamba bodi zinapangwa kwa madaraja ya kiasi kinachotoka, nikaomba E1, daraja la zinazotoa kidogo, na kingo zilizozibwa zinasaidia hapo pia. Tulipanga kuacha milango na madirisha wazi siku kadhaa tukilala chumba kingine.

Bodi ya tatu

Hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Baada ya kupunguza droo toka saba hadi tatu (droo moja ina vipande sita vya ubao na jozi ya reli, wakati rafu ni kipande kimoja, na nilikuwa naweka droo za kuhifadhia vitu ambavyo sina) bei bado ilikuwa juu ya bajeti. Milango ya kuslaidi tuliifikiria mapema tukaiacha, inakula sentimita nane mpaka kumi za kina na muda wote nusu ya kabati imefichwa, na kina sikuwa nacho cha kugawa, hanga yenye koti inataka kama 55 safi.

Basi milango ya bawaba, saba: minne ya 37 kwenye zile sehemu mbili pana, mmoja wa 45, miwili ya 30 kwenye rafu. Tulibandika masking tepu sakafuni, mstari wa uso wa kabati na mlango mmoja mmoja ukiwa wazi, tukaishi nayo wiki mbili. Toka kabati mpaka kitanda ni 62. Mlango mmoja wa 60 kwenye zile rafu ungenibana kati yake na godoro kama sandwichi, ndo maana tukaugawa miwili.

Nikakaa na karatasi nikaanza kukata milango kwa penseli kwenye bodi za 244 kwa 122. Bodi ya kwanza: 37, 37, 37. Ya pili: 37, 45, 30. Ya tatu: 30.

Thelathini tu. Bodi nzima ya tatu nanunua kwa ajili ya mlango mmoja mwembamba wa rafu.

Nikampigia fundi. Nikamuuliza, hizi rafu zikibaki wazi, bila milango? Akakaa kimya, nasikia tu randa kwa nyuma. Akasema, dada, hapo unaokoa bodi nzima, bawaba kumi, vishikizo viwili na rangi yake, na kile kipande kinachobaki kwenye bodi ya pili nakitolea nyuso za droo.

Mume wangu hakutaka. Vumbi, alisema. Na fujo, kila mtu aingiaye aone nguo zetu. Vumbi nilikubali, la kweli hilo. Lakini nikamwonyesha kiti.

Kila chumba nilichowahi kulala kina kiti hicho. Kile chenye suruali iliyovaliwa mara moja, sio chafu ya kufuliwa, sio safi ya kurudi na wenzake, na juu yake sweta, na juu ya sweta shati la jana. Nimenunua kiti hicho mara mbili nikidhani ni cha kukalia. Hakuna picha hata moja kati ya zile hamsini iliyokuwa na mahali pa nguo za hivyo, wote wanajifanya nguo ina hali mbili tu. Na mimi nilikuwa natengeneza kabati la gharama zote hizo huku najua kabisa suruali ile itabaki kitini, kwa sababu hakuna mtu anayefungua mlango kuweka nguo nusu-chafu.

Rafu zilizo wazi, nikamwambia, mbili za usawa wa mkono, ndo kiti chetu kipya. Na ndoano nne pembeni.

Hakujibu. Akachukua suruali yake kitini akaitundika mlangoni, ambapo haikutakiwa pia.

Kesho yake nikamtumia fundi jibu la swali lake, ukurasa mmoja, vipimo vyote ndani. Wiki tano zilikuwa zimepita. Akanijibu kwa neno moja, "Sawa", na kidole gumba.

Hela ya pembeni

Nilikuwa nimetenga asilimia 15 juu ya kotesheni, sio ya kumpa mtu, ya kukaa tu. Nilidhani nitaibakiza ninunue taa za ndani. Siku ya kufunga tukakuta soketi ya umeme nyuma kabisa ya zile droo tatu, nilikuwa nimeizibia na meza miaka mpaka nikaisahau, ikabidi aitwe mtu wa umeme kuihamisha. Halafu skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, ikang'olewa ili kitako kikae, ikatoka na plasta yake. Taa hazipo. Natumia ya simu.

Malipo tuligawa mafungu: ya kununulia bodi na vifaa, ya pili maboksi yakifika na nikiyaona kwa macho, na asilimia 10 ya mwisho mpaka kila mlango ufunge. Huyu fundi hakupenda fungu la mwisho, ila alikubali.

Sasa

Limesimama. Pale juu kulia kipande cha kuzibia kina mwanya unaopitisha kucha, nimeamua siuoni. Mashati ya mume wangu yako juu, na yeye siku hizi ndo anayesema kabati lake lina nafasi kuliko langu, kana kwamba alilichora.

Rafu za wazi zina suruali mbili, sweta na shati la jana. Kiti kimehamia sebuleni, kimekaliwa na mtu kwa mara ya kwanza.

Droo ya katikati inakwaruza ikifika nusu. Nimempigia fundi jana nikamkumbusha kwamba asilimia 10 yake iko kwangu, imetulia. Akasema hamna shida dada, nakuja Jumatano.

Hakusema Jumatano ipi.